Kipande cha Majaribio

Kila alipotoka shuleni, kabla hajala wala kuvua sare, Pini alikuwa na kazi moja. Alichukua sumaku ya mama yake, akaingia chini ya meza ya kukatia, akaokota pini zote zilizodondoka tangu asubuhi. Ndiyo maana watu walimwita Pini. Jina la shuleni alikuwa nalo, lakini hata mwalimu wake wa darasa alilikumbuka siku ya matokeo tu.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka la ushonaji. Kilikuwa na dirisha pana, meza ndefu na cherehani mbili, moja ikifanya kazi na nyingine ikisubiri kipuri ambacho Baba aliahidi kukitafuta "kesho". Wateja walimpenda Mama kwa sababu nguo alizoshona hazikuwaaibisha baada ya kufuliwa, na siri yake ilikuwa wazi kwa kila aliyeingia dukani. Hakukata kitambaa kipya kabla ya kukijaribu. Ukutani palitundikwa kadi ngumu ya mraba. Mama alikata kipande kidogo cha kitambaa sawasawa na kadi hiyo, akakiloweka katika maji ya moto, akakianika, akakipiga pasi, kisha akakiweka tena juu ya kadi. Kikilingana, kitambaa ni salama. Kikipungua, mafundi husema kimerudi, na hapo fundi mwenye akili hubadilisha mpango.

Tangu ujauzito uanze kumchosha Mama, kazi ya kuloweka na kupima vipande ilikuwa ya Pini. Aliifanya vizuri, na alijua kwamba anaifanya vizuri.

Ujauzito huo ndio ulioleta Kanuni. Aliyeitunga ni Bibi, mama yake Baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Siku aliposikia kwamba mkwe wake ni mjamzito, alikusanya familia yote jikoni na kusema, "Habari mbaya haitamfikia mkwe wangu mpaka ajifungue. Atakayempa mjamzito hofu ndani ya nyumba hii, atanitambua."

Hakuna aliyebisha. Miaka michache nyuma Mama alikuwa amepata ujauzito mwingine, na mtoto yule hakuishi. Pini alikuwa mdogo, lakini alilikumbuka juma lile. Kwanza ilikuja habari kwamba babu, baba yake Mama, amefariki ghafla. Kesho yake Mama akapelekwa hospitali, na aliporudi alirudi mikono mitupu. Tangu siku hiyo Bibi aliamini kwamba habari ya msiba ndiyo iliyomwondoa mtoto, na hakupenda kabisa kulizungumza jambo hilo.

Basi nyumba nzima ikajifunza kuficha. Baba, ambaye alikuwa mwashi, aliteleza kwenye ngazi kazini akarudi akichechemea, akasema amelala vibaya. Meneja, mdogo wake Pini aliyeitwa hivyo kwa kupenda kutuma watu, alivunja kioo cha kujitazamia wateja. Bibi akaeleza kwamba kioo kimepelekwa kusafishwa. Kuku mweupe alipogongwa na baiskeli, ilitangazwa kwamba amekwenda kutembea.

"Kuku gani huyo anatembea wiki nzima bila kuaga?" Mama aliuliza, mdomoni ameshika uzi.

"Kuku wa siku hizi," Bibi akajibu, akatoka haraka.

Hata simu ya Mama ilichukuliwa. Bibi aliizika ndani ya kopo la vifungo, na kila ilipolia, vifungo vilitetemeka kopo zima. Bibi alipokea, akasema, "Yupo, mzima, amepumzika," akakata kabla mtu hajamaliza salamu.

Wiki chache kabla ya hapo, Pini alikuwa amemsindikiza Mama kliniki ya wajawazito. Kliniki ilikuwa karibu na shule, jengo la chini lenye mabenchi ya saruji na mzani uliofungwa kamba ili watoto wasiuchezee. Nesi aliwapokea vizuri. Alimpima Mama presha, akamuuliza habari za mimba zilizopita, akaandika, kisha akatoa damu mkononi na kuijaza katika kichupa chembamba.

"Hiki ni kipimo kipya hapa kwetu," alisema. "Ndani ya damu yako kuna vitu vidogo vidogo vinavyotengenezwa na kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto tumboni. Maabara watapima viko kwa kiasi gani. Tukijumlisha na presha yako na historia yako, tunaweza kukisia nani anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi huko mbele."

Bibi alipoelezwa jioni, alikunja uso. "Hiyo ni ramli ya sindano," alisema. "Ya kesho aachiwe Mungu."

Alasiri moja ya joto, Pini alipita mbele ya kliniki akiwa na mkoba mgongoni. Nesi alikuwa amesimama getini kama anayemngoja mtu, na kumbe aliyengojwa ni yeye.

"Wewe si binti wa fundi cherehani? Nimepiga simu nyumbani kwenu mpaka nimechoka. Kuna mama mmoja anapokea, anasema mzima, anakata."

Pini alitazama viatu vyake. "Ni Bibi."

"Sawa. Basi mwambie mama yako aje kesho asubuhi. Majibu ya damu yametoka, na daktari anataka kuzungumza naye."

"Ni mabaya?"

Nesi alifikiri kidogo. "Ni ya kuzungumza, na nitayazungumza na mama yako mwenyewe. Wewe usimtishe, mwambie tu asikose. Huenda akahitaji dawa, na dawa hiyo ina wakati wake."

Njia nzima Pini aliyarudia maneno hayo. Kama majibu yangekuwa mazuri, nesi angesema ni mazuri. Alimwona Mama akirudi tena mikono mitupu.

Alipoingia dukani, Mama alikuwa amekaa mbele ya cherehani akiimba kwa sauti ya chini. Miguu yake ilikuwa juu ya kiti, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Pini hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

"Pini, umepita kliniki? Hawajasema kitu kuhusu damu yangu?"

Bibi, aliyekuwa akipanga vifungo kwa rangi, aliinua kichwa. Alimtazama mjukuu wake macho makavu.

"Wamesema kila kitu kiko sawa," Pini akasema.

Mama akacheka kwa raha. "Alhamdulillahi. Nilianza kuwa na wasiwasi." Akakanyaga cherehani, na wimbo ukaendelea.

Pini aliingia chini ya meza kuokota pini. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida.

Kuanzia siku iliyofuata alibadilisha njia ya kwenda shule. Badala ya kupita mbele ya kliniki, alizunguka nyuma kwenye karakana za maseremala, akafika darasani ana vumbi la mbao kwenye soksi. Alijiambia kwamba amefanya vema. Mama anacheka, Mama analala vizuri, na Kanuni haijavunjwa. Lakini kila Mama aliposhika kiuno au kupangusa jasho, Pini aliacha alichokuwa akifanya akamtazama.

"Mbona unanikodolea macho?" Mama alimuuliza. "Nimeota pembe?"

"Hapana, Mama."

Ndipo ikaja kazi ya kwaya. Kiongozi wa kwaya alileta jora la kitambaa cha samawati, akaomba magauni ya waimbaji wote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote Mama alizowahi kupata, na alikuwa na hamu ya kuanza kukata. Kama kawaida alikata kipande kidogo sawasawa na kadi, akampa Pini, akaenda kujinyoosha kitandani.

Pini alikiloweka, akakianika uani, akakipiga pasi kwa uangalifu. Alipokiweka juu ya kadi, kadi ilichungulia pande mbili. Alikivuta kidogo, akajaribu tena. Kadi ikaendelea kuchungulia. Kitambaa kilikuwa kimerudi kwa upana wa kidole kizima.

"Bibi," alinong'ona, "kimerudi."

Bibi alikuja, akavaa miwani, akakitazama kipande. "Usimwambie. Roho itamruka. Subiri ajifungue."

"Bibi, magauni yanatakiwa mwezi huu."

"Basi subiri aamke." Bibi akafikiri. "Akiamka subiri ale."

Lakini Mama alikuwa ameshaamka. Alisimama mlangoni, mkono mmoja tumboni. "Nini kimerudi?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Pini alimnyooshea kipande na kadi, akafumba macho akingoja. Alichokisikia ni Mama akivuta kiti.

"Lo, kimerudi kweli," Mama alisema, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa. "Basi nitaloweka jora zima kabla ya kukata, na kila gauni nitaliongezea pindo. Nitamwambia kiongozi wa kwaya aongeze kitambaa kidogo. Ahsante, mwanangu."

Pini alifumbua macho. "Hukukasirika? Hukuogopa?"

"Nimkasirikie nani? Kitambaa kimeniambia tabia yake mapema, na mimi mkasi bado sijaushika. Ningeogopa kama ungeniambia kiko sawa. Ningekata, ningeshona, wangeimba, wangefua, na Jumapili ya pili kwaya nzima ingesimama mbele ya watu magauni yakiwa juu ya magoti. Hapo ndipo ningelia."

Maneno "kama ungeniambia kiko sawa" yalimwingia Pini. Alijaribu kuyazuia machozi, yakakataa. Akakaa sakafuni palepale, kati ya pini na nyuzi, akalia kwa kwikwi.

"Nilikudanganya, Mama. Nesi hakusema kila kitu kiko sawa. Alisema uende. Alisema majibu yametoka na daktari anakutaka, na kuna dawa yenye wakati wake. Niliogopa. Niliona ukisikia utaumwa kama siku ile."

Mama aliuweka mkono wake wa pili tumboni. Uso wake ulibadilika, na Pini akaona kwamba Mama ameogopa, tena ameogopa sana.

"Alikuambia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki nzima, Pini."

Alisema hivyo tu. Pini angependelea achapwe. Bibi alifungua mdomo kutetea Kanuni, lakini Mama alimwinulia kiganja kwa adabu. "Mama, naomba simu yangu."

Bibi alifungua kopo, akachimbua simu kutoka kwenye vifungo, akampa. Baba aliporudi kutoka kazini, alikuta mke wake ameshaongea na nesi na ameshapanga nguo za kesho. "Kesho sote tunakwenda," Mama alisema. "Nimechoka kuishi na watu wanaojua mambo yangu kuliko mimi."

Asubuhi yake walikaa katika chumba kidogo cha nesi: Mama kwenye kiti, Baba amesimama, Bibi na Pini kwenye benchi. Daktari alikuwa ameshazungumza na Mama, na sasa nesi alieleza tena polepole ili wote waelewe.

"Kuna kitu katika damu kinachotuambia kondo la nyuma linaendeleaje. Kwako kiko chini kuliko tulivyotarajia. Hilo halisemi kwamba utaugua. Kina mama wengi wenye majibu kama haya hujifungua bila shida yoyote. Linasema tu kwamba uwezekano wa presha kupanda miezi ya mwisho ni mkubwa kwako kuliko kwa mwingine. Na presha ya mimba ikiachwa, inaweza kuleta kifafa cha mimba, inaweza kumdhuru mama na mtoto."

"Na dawa?" Baba aliuliza.

"Aspirini, kwa kiasi kidogo alichopanga daktari, kila usiku. Si ya kujinunulia ovyo wala kumgawia jirani. Hupunguza hatari, haiiondoi yote. Na hufaa zaidi mama akiianza kabla mimba haijafika wiki kumi na sita." Nesi alimgeukia Mama. "Bado uko ndani ya wakati. Wiki ijayo ungekuwa umeshapita."

Pini aliinamisha kichwa. Alihisi mkono wa Baba begani, mzito na wenye saruji kavu kwenye kucha.

Ndipo Bibi akazungumza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa fupi. "Binti yangu, mimi nina swali. Ile mimba nyingine. Habari ya msiba ndiyo iliyoitoa?"

Nesi alimtazama Mama, na Mama akaitikia kwa kichwa kwamba anaweza kujibu. "Siku hizo kabla ya msiba, ulikuwa unajisikiaje?"

"Kichwa kiliniuma wiki nzima," Mama alisema. "Macho yalikuwa yanaona vimulimuli, na uso ulivimba. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni uchovu."

"Na hospitali walisema nini?"

"Walisema presha ilikuwa juu sana."

"Basi, Bibi," nesi alisema taratibu, "dalili zilikuwepo kabla ya msiba. Huzuni inaumiza, lakini kwa ninavyoona, si habari iliyofanya yale. Ni presha ambayo hakuna aliyeijua."

Bibi alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. "Ni mimi niliyempa ile habari," alisema. "Simu ilipigwa kwangu. Nilimwambia akiwa amesimama, sikumwambia hata akae. Miaka yote hii nimejua kwamba ulimi wangu ndio uliomuua mjukuu wangu."

Mama aliinuka, akaenda kukaa kwenye benchi kati ya Bibi na Pini. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nami nilikuwa naficha."

Walikaa hivyo, wakiwa wamebanana, Bibi akilia bila kelele. Nesi akajishughulisha na kupanga vichupa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Kuanzia usiku ule Mama alimeza dawa yake. Kila alipotakiwa kliniki alikwenda, na kichwa kikimuuma alisema. Magauni ya kwaya yalikamilika, yakavaliwa, yakafuliwa, na hayakupanda hata kidogo. Simu ilihama kutoka kopo la vifungo ikarudi juu ya meza.

Miezi ikapita salama. Karibu na mwisho, siku moja kliniki waligundua presha imeanza kupanda, wakamlaza Mama hospitali siku hiyohiyo. Jioni simu ililia nyumbani, na aliyeipokea alikuwa Bibi. Pini alimwona akisikiliza, amekaza uso. Zamani angesema "mzima, amepumzika" na kukata. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, akashukuru. Kisha akamwita Baba, akamwita Pini, akamwita na Meneja, akasema, "Kaeni kwanza."

Wakakaa.

"Habari si nzuri, lakini si mbaya kama zamani. Presha ya Mama imepanda, ila imeonekana mapema na inashushwa kwa dawa. Daktari ameamua mtoto azaliwe sasa, kabla ya siku zake. Ninaogopa. Ninyi mkiogopa, njooni hapa kwangu tuogope pamoja."

Meneja akaenda palepale akamkalia mapajani. Pini naye akasogea.

Mtoto alizaliwa kesho yake, msichana mdogo sana, akilia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Walikaa hospitali kwa muda hadi alipoongezeka uzito na presha ya Mama ikatulia. Waliporudi nyumbani, Mama alimvisha gauni alilolishona kwa masalio ya kitambaa cha samawati. Lilikuwa kubwa mno, mikono imefunika vidole.

"Nimeacha nafasi," Mama alisema. "Atalijaza."

Bibi alimpokea mtoto, akamtazama kwa muda, kisha akamwita Pini akae karibu naye.

"Kanuni yangu nimeifuta," alisema. "Tangu utotoni nasikia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na siku zote nilidhani methali hiyo inawahusu majirani. Tulikuwa tunampenda mama yako, wewe na mimi, na kwa mapenzi hayo tukakaribia kumnyima wiki yake moja ya mwisho ya kuanza dawa. Mjukuu wangu, ukimpenda mtu, mwambie ukweli wakati bado mkasi haujashikwa. Mwambie kwa upole, mwambie akae kwanza, lakini mwambie."

"Ndiyo, Bibi."

Meneja, aliyekuwa akisikiliza kwa makini mlangoni, akasafisha koo. "Mama," alisema, "yule kuku hakwenda kutembea."

"Najua, baba," Mama akasema. "Nilimwona barabarani siku ileile. Sikuwaambia kwa sababu sikutaka mhuzunike."